Ufunguo Mmoja wa Bi Kalunde

Mimi kisa ninacho, hukumu sina. Kwa hiyo tukubaliane kabla sijaanza: nitasema mimi, mtaamua ninyi. Asiyetaka kuamua aende zake sasa hivi, maana nimechoka na watu wanaosikiliza mpaka mwisho halafu wanajinyoosha na kusema wote wamestahili. Mmekubali? Haya, sogeeni.

Palikuwa na watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Wa kwanza alikuwa mwanamke, jina lake Mwashi, na kipawa chake kilikuwa sikio. Kwa miaka kumi na tisa aliendesha mashine ya kusaga unga pale Itundwe, kijiji kilicho ndani kabisa ya miombo, kusini mwa Tabora. Kelele za mashine zilimmaliza sikio la kushoto, akabaki na la kulia tu, lakini hilo la kulia lilijua kusikia chuma. Mkanda ukilegea, Mwashi alijua akiwa bado kitandani. Beringi ikitaka kufa, alijua wiki mbili kabla ya mwenye mashine. Kisha umeme ukafika kijijini, mashine mpya ikafungwa ng'ambo ya barabara, na ile ya Mwashi ikazimwa. Yeye akaendelea kuishi kwenye chumba cha nyuma ya mashine iliyozimwa. Ili akusikie ilibidi upaze sauti, na kupaza sauti kunachosha, basi watu wakaacha kidogo kidogo kumsemesha. Walimpungia mkono, wakapita.

Wa pili alikuwa Mzee Lwitiko, Mnyakyusa aliyezeekea Tabora mjini, na kipawa chake kilikuwa vidole. Alikuwa mkerezaji kwenye karakana ya reli, yaani mtu wa kuchonga vyuma vya mviringo kwa mashine. Mpe pini mbili azizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada, atakuambia ipi imeizidi nyingine kwa unene wa unywele, wala hakosei. Alipostaafu alipata mashine kuukuu ya kukerezea, akaiweka uani kwake. Mkewe alikuwa amekwisha kufa, watoto wako mbali, na kule kwao Rungwe waliomfahamu kwa jina la utotoni walikuwa wamebaki wawili. Kila asubuhi Mzee Lwitiko aliwasha mashine, akachonga bushi moja ya shaba, kile kibomba kifupi cha kupitishia chuma, akaipima, akaidondosha kwenye debe. Bushi zile hakuna aliyeziagiza. Mara ya mwisho nilipomtembelea, debe la pili lilikuwa limefika nusu.

Wa tatu alikuwa Misigalo, fundi pikipiki pekee wa Itundwe, na kipawa chake kilikuwa wepesi wa mikono. Injini aliyoifungua asubuhi, mchana ilikuwa inanguruma. Akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa watu walikuwa wakikusanyika kumtazama tu anavyofanya kazi, na yeye alipenda kutazamwa, ndiyo maana alizidisha mbio. Halafu, miaka tisa kabla ya kisa hiki, aliacha ghafla kupita njia ya kwa Bi Kalunde. Akiwa na safari ya upande ule alizunguka nyuma ya shule, mwendo wa nusu saa zaidi, mvua au jua. Mke wake alimuuliza sababu kwa mwaka mzima. Hakujibiwa, akarudi kwao. Tangu hapo Misigalo alipika mwenyewe, akala akiwa amesimama mlangoni.

Sasa njooni kwa Bi Kalunde, maana zawadi ni yake.

Mume wake aliitwa Mihayo, mrina asali. Mizinga yake ilikuwa porini, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu, na alikuwa na pikipiki ambayo hata wakati ule ilikuwa ya kizamani, nzito, ya silinda moja. Watoto Mungu hakuwajalia. Walichokuwa nacho ni utaratibu. Karibu na kijiji kuna kijito, juu yake daraja la magogo. Mihayo akirudi jioni, pikipiki ikikanyaga magogo yale, mlio wake ulibadilika, ukawa mzito kama ngoma ya debe. Bi Kalunde akiusikia huinjika maji ya ugali. Maji yakichemka, Mihayo anazima pikipiki mlangoni. Kwa miaka ishirini na moja hawakuhitaji saa wala simu. Alisonga ugali kwa kuusikiliza ule mlio.

Mwaka wa ishirini na mbili, mvua za mwisho, Mihayo alikwenda porini na pikipiki iliyokuwa imetoka kutengenezwa. Siku ya nne ikaanza kulia kilio kibaya sehemu ya juu ya injini, ikapiga mlipuko mmoja, ikazima. Wenzake wa kambini walimwambia aiache, wataileta kwa mkokoteni mvua zikikatika. Hakukubali, Mihayo alikuwa mbishi. Akaisukuma siku mbili kwenye tope na mvua. Alipofika nyumbani alifika kimya. Daraja halikulia, kwa hiyo maji hayakuinjikwa, na mtu aliyelowa mpaka mifupa akakuta jiko baridi. Kifua kikambana, na siku ya sita akafariki.

Bi Kalunde hakuwahi kulia mbele za watu kwa ajili ya kifo. Alilia kwa ajili ya lile jiko. Alisema hivyo wazi, kwa yeyote aliyemuuliza, na baada ya muda hakuna aliyemuuliza tena. Pikipiki ilikaa chumba cha pili miaka tisa, imefunikwa shuka. Naye alipika mara moja kwa siku, asubuhi, ili jioni isimkute jikoni.

Basi mwaka ule, akiwa ametimiza sitini na nne, aliwatuma wanunuzi wa asali wapeleke maneno kila wanakopita. Maneno yalikuwa hivi: atakayeifufua pikipiki ya marehemu, ufunguo ni wake. Pikipiki ni yake, na mizinga yote ni yake. Lakini kila jioni lazima apite darajani, aje ale ugali kwa Bi Kalunde, mpaka mmoja wao afe. Watu walicheka kidogo kuhusu hilo sharti la ugali. Vijana walisema pikipiki yenyewe skrepa. Wiki nne zikapita bila mtu kubisha hodi.

Aliyefika wa kwanza ni Mwashi. Alikuja na kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono, na hakusema lolote mpaka alipofunua shuka. Kisha alimwomba Bi Kalunde aisukume kiki, ile pedali ya kuwashia, kwa mikono miwili, polepole, kila akimwashiria. Ncha moja ya mpira aliitia kwenye sikio lake la kulia, nyingine akaiweka kwenye mdomo wa eksozi. Bi Kalunde akasukuma. Kiki ikashuka bila ubishi, kama inazama kwenye uji. Mwashi akahamisha mpira kwenye kabureta. Akahamisha tena kwenye tundu la kujazia oili. Walifanya hivyo asubuhi nzima, wanawake wawili wasiozungumza, mmoja anasukuma na mwingine anasikiliza, na Bi Kalunde baadaye aliniambia ilikuwa asubuhi yake nzuri kuliko zote katika miaka tisa.

Mwisho Mwashi akakaa chini, akaeleza. Injini ikibana hewa, hewa haitakiwi kutoroka. Hii ilitoroka kupitia eksozi, maana yake valvu ya kutolea moshi imeungua na haifungi. Ilitoroka pia kwenda chini kwenye oili, maana yake ringi za pistoni zimeachia na silinda imechakaa. Upande wa kabureta kulikuwa kimya, huko pazima. Hiyo peke yake ingewaepusha na kubahatisha, lakini alikuwa na neno moja zaidi.

"Dada, humo juu kuna kiu," alisema. "Ukigeuza taratibu nasikia chuma kinakwaruza chuma, kikavu. Na oili chini imejaa. Sijui kwa nini haipandi, lakini haipandi."

Kufungua kulihitaji spana, na mwenye spana Itundwe ni mmoja. Bi Kalunde alituma mtu kwa Misigalo. Misigalo akajibu ana kazi nyingi. Akatuma tena, akajibu anaumwa mgongo. Mara ya tatu Bi Kalunde alikwenda mwenyewe, akasimama mbele ya banda lake huku wateja wanatazama, akamuuliza taratibu, "Misigalo mwanangu, nilikukosea nini?" Misigalo alifunga vifaa vyake kwenye gunia, akamfuata nyuma, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa akapita njia ile.

Aliifungua injini kwa muda ambao mtu angeutumia kumenya viazi vya watu wanne. Kichwa kikatoka, ndani pamekauka na kugeuka rangi ya buluu kama chuma kilichotolewa motoni. Silinda ikatoka. Chini ya silinda kulikuwa na gasketi, ile karatasi ngumu inayowekwa katikati ya vyuma viwili ili visivuje. Misigalo aliitazama gasketi ile kwa muda mrefu. Ilikuwa ya katoni, imekatwa kwa mkono, na pembeni yalisomeka maandishi mekundu nusu nusu. Kisha akaifunga pamoja na vitu vingine kwenye kitambaa, bila kusema neno, na Bi Kalunde akavituma vyote mjini kwa Mzee Lwitiko, ambaye wanunuzi wa asali walikuwa wamemtajia.

Mzee Lwitiko alivipanga juu ya meza, akaanza kuvipapasa. Silinda haikuwa duara tena. Alihisi kwa kidole kwamba imekuwa yai, wala hakukosea alipopima. Akaitanua, akaisafisha, akatafuta pistoni ya injini nyingine iliyokaribia ukubwa ule, akaipunguza mpaka ikakaa. Valvu za pikipiki ile hazitengenezwi tena popote. Akachukua valvu ya pampu ya maji iliyokufa, akaikereza. Ya kwanza ikapinda, ya pili ikawa nyembamba mno, ya tatu ikakubali. Valvu ile ilihitaji mahali pa kupita, kibomba kidogo cha shaba. Mzee akaenda kwenye debe lake, akapapasa humo ndani, na akatoa bushi ambayo ilihitaji kupunguzwa unywele mmoja tu. Alikaa kitandani nayo mkononi, mzee wa watu, akafuta macho. Hatimaye bushi moja ilikuwa na mwenyewe.

Mwisho akakata gasketi mpya kutoka karatasi nzuri ya kazi hiyo. Wakerezaji wote wana ugonjwa mmoja: wanaheshimu kigezo. Ukiwapa kitu cha zamani wanakutolea kipya kilicho sawasawa nacho, kasoro zote zimo. Alilaza gasketi ya katoni juu ya karatasi, akachora kwa penseli, akakata ukingo kwa ukingo, tundu kwa tundu. Siku ya ishirini na mbili alipanda basi la asubuhi na mzigo mapajani, akamkatalia kondakta kuuweka juu. Alipofika alimsalimu Bi Kalunde akimwita shemeji, ingawa Mihayo hakuwahi kumwona, na akaomba akae mahali atakapoona kazi ikifungwa.

Wote walikuwepo siku hiyo, uani, saa nne asubuhi. Mwashi juu ya kinu kilichopinduliwa, Mzee kwenye kiti, Bi Kalunde kizingitini. Misigalo alisaga valvu mpya kwenye kiti chake, pale inapokalia ikifunga, kwa dawa ya kusagia, akiizungusha kati ya viganja, huku na huku, mpaka ikaacha duara moja la kijivu lisilokatika. Kwa mara ya kwanza watu walimwona akifanya kazi polepole. Kisha akaichukua gasketi mpya. Akailaza juu ya injini. Akaiinua. Akailaza tena.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kisa kizima kimekaa hapa. Pembeni ya injini ile kuna tundu dogo, ukubwa wa punje ya mtama. Ndiyo njia ya oili, inapanda humo kwenda kunywesha vyuma vya juu. Kwenye gasketi, tundu hilo halikuwepo. Misigalo alikuwa na msumari mfukoni. Angeweza kutoboa akiwa amewapa mgongo, tik, kazi imekwisha, oili ipande, pikipiki iishi, na hakuna mtu chini ya jua angejua kitu. Mafundi hutoboa vitu siku nzima. Nani angeuliza?

"Mzee," alisema, "gasketi hii umefuata ya zamani?"

"Kila kona," Mzee akajibu. Alijisikia vizuri kulisema.

"Ya zamani ilikosewa. Tundu la oili halimo. Tukiifunga hivi, itakwenda siku nne."

Mzee akanyoosha mkono apewe, apapase. Mwashi aliyekuwa amegeuza sikio lake zima alisema taratibu kwamba hiyo basi ndiyo ile kiu. Mzee akauliza fundi gani aliyeikata ya zamani.

"Mimi, mama," Misigalo alisema, akimgeukia Bi Kalunde. "Nilikuwa na haraka. Watu walikuwa wananitazama."

Akaeleza yote akiwa ameinamisha kichwa. Kwamba aliikata hapo hapo uani, kwa kuilaza katoni juu ya chuma na kuigonga nyundo, kama wafanyavyo mafundi wote. Kila tundu hudondosha kiduara chake, nawe unavihesabu. Siku ile hakuhesabu. Mihayo alipofariki na watu wakasimulia kilio cha injini, alianza kushuku, lakini hakutaka kujua. Alijua kwa hakika wiki tatu zilizopita, alipoinua silinda, na hata hapo akanyamaza.

Bi Kalunde aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Mwashi alisimulia kwamba alikuwa akisikiliza kupitia ukuta, na hakusikia kilio wala hatua, ila mtu anayepumua. Misigalo hakukimbia. Alibaki amepiga magoti mbele ya injini iliyo wazi, gasketi mkononi, jua likipanda, mpaka mlango ulipofunguliwa.

"Katoni ile ilikuwa yangu," Bi Kalunde alisema. "Uliniomba, nikamwaga sabuni zote mezani ili nikupe. Nilifurahi kuona imefaa kazi." Akakaa tena kizingitini. "Toboa."

Misigalo akatoboa. Kile kiduara kidogo kikadondoka kwenye kiganja chake, naye akakitia mfuko wa shati. Sijui bado anacho.

Injini ilifungwa kabla ya adhuhuri. Mwashi aliisikiliza ikigeuzwa kwa mkono, akasema hewa haitoroki tena. Kiki sasa ilikuwa na ubishi. Mara ya sita ikawaka, ikatoa moshi mweupe, ikatulia kwenye mdundo wake wa zamani, na Mwashi akasema humo juu kumelowa. Bi Kalunde aliomba kitu kimoja tu: mtu aipeleke ng'ambo ya daraja, akae huko, na jioni arudi. Mzee hajui kuendesha, Mwashi hajui. Akaenda Misigalo.

Jioni Bi Kalunde alikaa jikoni na sufuria kavu. Mzee na Mwashi walikaa naye. Mwashi alisikia kabla yao wote, lakini alikuwa na adabu, akanyamaza, akamwacha mwenyewe asikie. Kisha magogo yakalia. Bi Kalunde alisimama haraka mpaka akaangusha kibao cha mbuzi, akainjika maji, na mikono yake ilijua la kufanya bila yeye. Maji yalipochemka, pikipiki ilizimwa mlangoni.

Walikula wanne kwenye sinia moja. Mzee Lwitiko alikula mara mbili. Misigalo alikula amekaa. Walipomaliza kunawa, Misigalo akauweka ufunguo katikati ya sinia tupu, na hapo mashauri yakaanza.

Mwashi alisema hivi: pikipiki ilikaa miaka tisa, kila mtu anaiita skrepa, na aliyesema ugonjwa uko wapi ni yeye. Ile kiu aliisikia yeye. Kama asingeitaja, hata hilo tundu lingeonekana ni jambo la bure. Kuendesha atajifunza. Na alisema jambo lingine, kwa sauti ndogo, kwamba Bi Kalunde ndiye mtu wa kwanza aliyemsemesha upande wa kulia bila kukumbushwa.

Mzee Lwitiko alisema hivi: ugonjwa kujulikana ni kitu kimoja, na dawa kupatikana ni kitu kingine. Kile kinachopanda na kushuka humo ndani kimepita mikononi mwake chote. Tundu limetobolewa kwa msumari, lakini valvu haichongwi kwa msumari. Kuendesha atajifunza naye, akasema, na wote wakamtazama, maana ana miaka sabini na mmoja. Hakucheka. Alisema amechoka kudondosha bushi kwenye debe.

Misigalo alisema yeye hana la kudai. Alisema apewe yeyote kati ya hao wawili, naye ataifanyia pikipiki matengenezo mpaka afe, bila kuingia ndani. Akanyanyuka aondoke. Bi Kalunde akamwambia akae.

Mzee akashauri wagawane, kila mtu jioni yake kwa zamu. Bi Kalunde alikataa, na maneno yake ninayarudia kama alivyoyasema.

"Kula njooni wote, mlango uko wazi. Lakini wa kumngojea ni mmoja. Nikingojea watatu, mmoja asipofika nitasema si neno, wengine wapo. Sitaki kuja kusema hivyo. Nataka mtu ambaye asipofika, sili."

Akauchukua ufunguo, akautundika kwenye msumari juu ya jiko, akasema ataamua msimu wa kurina utakapoanza.

Sasa pimeni, msinitolee jibu la haraka. Ondoa sikio la Mwashi, wangebadilisha vitu wasivyovijua mpaka wakachoka. Ondoa vidole vya Mzee, wangejua ugonjwa na kuukalia. Ondoa ulimi wa Misigalo, hapo ndipo penye mgogoro. Mtu atasema angetoboa kimya kimya na pikipiki ingepona vile vile, kwa hiyo ukweli wake haukutengeneza kitu. Mwingine atasema aliyemfanya Mihayo afike kimya hawezi kupewa mlio wake. Mwingine atauliza, je, ni tundu lililomwua Mihayo, au ni mvua, au ni ubishi wake mwenyewe? Na mwingine, huyo ndiye ananinyima raha, atasema kwamba Bi Kalunde anataka mtu ambaye atarudi kila jioni bila kukosa, na katika wote watatu ni mmoja tu anayejua gharama ya jiko baridi.

Mimi nilipita kwake juzi. Msimu wa kurina umeanza, nyuki wamejaa njiani. Ufunguo bado uko kwenye msumari. Pikipiki iko mlangoni, haijawashwa tangu siku ile, na Mwashi anasema ikikaa hivi ringi zitashika kutu. Mwashi yuko chumbani kwake nyuma ya mashine, Mzee amerudi mjini kwenye debe lake, Misigalo ameanza tena kuzunguka nyuma ya shule. Kila mmoja anaona haya kwenda kula, asije akaonekana anadai. Bi Kalunde amejichanganya kwa wema wake mwenyewe, akaniambia nikawaulize watu wenye akili. Mimi nikaja kwenu, nisamehewe.

Jioni ile nilipokuwa naaga, alikuwa ameketi kizingitini amegeukia darajani, na jikoni nikasikia kitu kinatokota. Nikamwambia, mama, maji yako yanachemka. Akasema anajua, kila siku anayainjika, kwa sababu hawezi kujua ni siku gani mtaamua.

Basi nami nimemaliza, zamu ni yenu. Wewe hapo uliyenyamaza tangu mwanzo, ufunguo ungeutia mkononi mwa nani? Sema sasa, maji yako motoni.